Maisha ya Gary Kildall na Faida ya Kuwa na Mshindani

Mtu akiingia katika chumba cha kompyuta cha shule yetu na kuuliza ni nani waliozifanya kompyuta ndogo zienee duniani, wengi wetu watamtaja Bill Gates, na baadhi watamtaja Steve Jobs. Majina hayo yanastahili heshima. Lakini yuko mtu mwingine aliyefungua njia mapema, ambaye sasa ni zaidi ya miaka thelathini tangu afariki dunia. Huyo ni Bwana Gary Kildall wa Marekani. Mafundi wa kompyuta wanamjua vizuri, ila sisi wanafunzi humsikia mara chache sana.

Nimechagua kueleza maisha yake kwa sababu alikaa pande zote mbili za soko. Kwanza alikuwa mkubwa asiye na mpinzani, halafu akawa mdogo anayeshindana na mkubwa. Kwa kuzitazama pande hizo mbili, naona twaweza kujua ni kitu gani kinachoyasukuma maendeleo mbele, na ni kitu gani kinachoyalaza usingizi.

Bwana Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei, mwaka wa 1942, katika mji wa Seattle, ulioko magharibi ya Marekani. Jamaa zake walikuwa walimu wa mabaharia. Babu yake alianzisha chuo cha kufundisha elimu ya kuongoza meli, na baba yake alifundisha humo. Gary naye, alipokuwa kijana, alifundisha humo kwa muda. Alipoingia Chuo Kikuu cha Washington, nia yake ilikuwa kuwa mwalimu wa hesabu. Huko ndiko alikokutana na kompyuta, na tangu hapo moyo wake haukugeuka tena. Mwaka wa 1963 alimwoa Bibi Dorothy McEwen, ambaye baadaye alikuwa mshiriki wake katika kazi. Kisha akaingia utumishi wa jeshi la wanamaji, akapelekwa kufundisha katika chuo cha jeshi hilo huko Monterey, jimbo la California. Mwaka wa 1972 alipata shahada ya udaktari katika elimu ya kompyuta.

Yafaa tukumbuke hali ya siku zile. Kompyuta zilikuwa mashine kubwa na za gharama nyingi, mali ya serikali, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Mtu wa kawaida hakuweza hata kuota kuwa na yake nyumbani. Mwaka wa 1971 kampuni ya Intel ilianza kuuza chipu iitwayo 4004, yaani akili ya kompyuta iliyokusanywa katika kipande kidogo kuliko ukucha. Watu wengi waliiona kuwa kitu cha kutia katika vikokotoo na mitambo midogo tu. Bwana Kildall alinunua moja, akaichunguza, akaona kwamba siku moja kitu hiki kitakuwa kompyuta kamili. Akaanza kuifanyia Intel kazi kama mshauri, na mwaka wa 1973 akaitungia lugha ya kuandikia programu, iitwayo PL/M.

Tatizo lililobaki lilikuwa la kuhifadhi. Programu zilitunzwa katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na kuzisoma kulichukua muda mrefu. Wakati huo disketi zilikuwa zimekwisha kutengenezwa, ila hapakuwa na njia nyepesi ya kuziunganisha na chipu ndogo. Mwaka wa 1974 rafiki yake, Bwana John Torode, alitengeneza mtambo wa umeme wa kuiongoza disketi, naye Kildall akaandika programu ya kuusimamia. Programu hiyo akaiita CP/M.

Nieleze kidogo kazi ya programu ya namna hii, ambayo leo twaiita mfumo endeshi. Fikiri bohari kubwa yenye rafu mia. Kama kila mtu angeingia mwenyewe kutafuta mzigo wake, fujo ingekuwa kubwa. Kwa hiyo huwekwa karani mmoja. Wewe humwambia jina la mzigo unaoutaka, naye anajua uko rafu gani, anakuletea. Mfumo endeshi ndio karani huyo. Programu nyingine zote humwendea yeye, hazina haja ya kujua disketi inazungukaje wala barua iliandikwa mahali gani.

Kampuni ya Intel haikuona haja ya kuichukua CP/M. Basi Bwana Kildall na mkewe wakaanzisha kampuni yao wenyewe, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Digital Research, katika mji mdogo wa Pacific Grove ulio jirani na Monterey. Watu waliagiza programu hiyo kwa barua, nayo ikapelekwa kwa posta.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote. Kila kampuni iliyotengeneza kompyuta ilitengeneza kwa namna yake, kwa hiyo CP/M ilipaswa kurekebishwa kila mara ili iingie katika mashine mpya. Bwana Kildall aliigawa programu yake. Sehemu ndogo, iitwayo BIOS, ndiyo iliyojua tabia za mashine fulani, na sehemu nyingine yote ikabaki ile ile. Kampuni mpya ilipotokea, iliandika upya ile sehemu ndogo tu, na kazi ikaisha.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Makampuni mengi, makubwa na madogo, yakaanza kutengeneza kompyuta, na zote zikaweza kutumia programu zile zile. Aliyetunga programu ya kuandikia barua, kama WordStar iliyotoka mwaka wa 1978, hakulazimika kuitunga upya kwa kila aina ya mashine. Wenye kutengeneza mashine wakashindana kwa bei na kwa ubora, na wenye kutunga programu wakashindana vivyo hivyo, kwa sababu wote walisimama katika uwanja mmoja. Kabla ya mwaka wa 1980 CP/M ilikuwa ndiyo mfumo mkubwa kabisa katika kompyuta za kazi za ofisini. Hata kampuni ya Microsoft, ambayo wakati huo ilikuwa ndogo, mwaka wa 1980 iliuza kifaa cha kuiwezesha kompyuta ya Apple kutumia CP/M.

Basi tusidhani kuwa ukubwa katika soko ni ubaya mtupu. Bila uwanja mmoja, pangekuwa na vijiji mia, kila kimoja na lugha yake, na hakuna mtu angeweza kuzungumza na mwenzake. Lakini wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwenye uwanja asipomwona mtu nyuma yake, hupunguza mwendo hata asipokusudia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Digital Research. Mwaka wa 1978 kampuni ya Intel ilitoa chipu mpya, 8086, yenye nguvu kuliko zile zilizotangulia. CP/M ya zamani haikuweza kuitumikia. Wateja wakangoja toleo jipya, nalo likachelewa. Huko Seattle palikuwa na kampuni ndogo, Seattle Computer Products, iliyokuwa imekwisha kutengeneza mashine yenye chipu hiyo, nayo haikuweza kuuza vizuri mashine isiyo na mfumo endeshi. Mwaka wa 1980 kijana wake mmoja, Bwana Tim Paterson, alichoka kungoja. Akaandika mfumo wake mwenyewe, akaufanya ufanane na CP/M ili watunzi wa programu wasipate taabu ya kuhamia kwake. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mwaka huo huo kampuni ya IBM, iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani katika kazi ya kompyuta, iliamua kutengeneza kompyuta ndogo. Ilitafuta mfumo endeshi, na Microsoft wenyewe wakawaelekeza kwa Bwana Kildall. Wajumbe wa IBM walipofika Pacific Grove, yeye alikuwa amesafiri kwa ndege yake ndogo kwa kazi ya biashara. Bibi Dorothy aliletewa mkataba wa kutunza siri, naye hakutaka kuutia sahihi papo hapo. Yaliyofuata siku ile yamesimuliwa kwa namna mbalimbali na wale waliokuwapo, lakini mwisho wake unajulikana: mapatano hayakupatikana. Watu wengi wamependa kusema kwamba mtu huyu alipoteza utajiri kwa sababu ya kuruka angani kwa starehe. Hadithi hiyo haikumtendea haki. Mimi naona kwamba kilichomponza zaidi ni ule ucheleweshaji. Kama CP/M mpya ingalikuwa tayari mezani, Bwana Paterson asingalikuwa na sababu ya kuandika yake.

Microsoft waliupata mfumo wa Bwana Paterson, na mwaka wa 1981 wakaununua kabisa. IBM wakauuza pamoja na kompyuta yao mpya, iliyotangazwa tarehe 12 Agosti, 1981. Bwana Kildall alilalamika kwamba mfumo huo ulifanana mno na wake, na IBM wakakubali kuiuza CP/M pia. Lakini ile ya Microsoft iliuzwa dola 40, na ile ya Kildall dola 240, tena ilifika sokoni imechelewa. Mnunuzi gani angesitasita? Jambo jingine ni kwamba Microsoft walijiwekea haki ya kuwauzia watu wengine mfumo huo. Kampuni kama Compaq zilipoanza kutengeneza kompyuta zilizofanana na ile ya IBM, zote zilikwenda kununua MS-DOS. Mashine zikashindana, bei zikashuka, na watu wengi wakafaidika. Ila uwanja sasa ulikuwa na mwenyewe mwingine.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Bwana Kildall alikubali kwamba ameshindwa mchezo mmoja, akaendelea na mingine. Kampuni yake ilitengeneza mifumo iliyoweza kuendesha kazi kadhaa kwa wakati mmoja, jambo ambalo MS-DOS haikuliweza. Mwaka wa 1985 ilitoa GEM, programu iliyomwezesha mtu kuongoza kompyuta kwa picha na kipanya badala ya kuandika amri. Mwaka huo huo kampuni nyingine aliyoianzisha ilishiriki kuitia ensaiklopidia nzima katika diski moja ya CD, wakati ambapo watu wachache walikuwa wameiona diski ya namna hiyo ikifanya kazi nyingine zaidi ya muziki. Pia kwa miaka kadhaa alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni kiitwacho Computer Chronicles, akiwafundisha watu wa kawaida habari za kompyuta. Ualimu haukumtoka.

Sasa nafika mahali ambapo maisha yake yanafundisha zaidi. Mwaka wa 1988 Microsoft walitoa toleo la nne la MS-DOS, ambalo watu wengi hawakulipenda. Mwaka huo huo Digital Research walitoa mfumo uitwao DR DOS, ulioweza kuendesha programu zile zile za MS-DOS. Mwaka wa 1990 wakatoa toleo lililokuwa bora zaidi. Kompyuta za siku zile ziliziachia programu kumbukumbu isiyozidi kilobaiti 640, na mfumo endeshi wenyewe ulikula sehemu ya nafasi hiyo. DR DOS mpya iliweza kujihamishia mahali pengine katika kumbukumbu, ikawaachia watumiaji nafasi kubwa zaidi. Mwaka uliofuata, 1991, Microsoft wakatoa toleo la tano la MS-DOS, nalo likafanya vivyo hivyo. Baadaye mwaka huo DR DOS ikaja na njia ya kubana mafaili ili diski ipokee vitu vingi zaidi. Mwaka wa 1993 MS-DOS nayo ikawa na njia ya kubana.

Hebu tazameni jambo hili. Mtu aliyenunua MS-DOS, ambaye labda hakupata kulisikia jina la Kildall maishani mwake, alipata mfumo ulio bora kwa sababu Kildall na wenzake walikuwa nyuma ya mkubwa wakimkimbiza. Mshindani humsaidia hata yule asiyenunua kwake.

Kijijini kwetu jambo hili twalijua bila kompyuta. Palikuwa na mashine moja ya kusaga. Akina mama walipanga foleni tangu alfajiri, na mwenye mashine alifungua apendapo. Alipokuja mtu wa pili na kufungua mashine yake ng'ambo ya njia, yule wa kwanza alianza kufungua mapema, akafagia sakafu, akanunua mizani mpya. Mama yangu aliendelea kusaga kwa yule wa kwanza. Hata hivyo faida aliyoipata aliletewa na yule wa pili.

Lakini mkubwa ana njia mbili za kumjibu mshindani. Anaweza kuboresha kazi yake, au anaweza kumfungia mwenzake mlango. Microsoft walifanya yote mawili. Walikuwa na mikataba ambayo mtengenezaji wa kompyuta aliwalipa kwa kila mashine aliyoiuza, hata kama mashine hiyo haikuwa na MS-DOS ndani yake. Basi aliyetaka kutia DR DOS ilimbidi alipie mifumo miwili. Tena mwishoni mwa mwaka wa 1991, nakala za majaribio za programu ya Windows zilionyesha ujumbe wa kosa zilipoendeshwa juu ya mfumo usio wa Microsoft. Katika toleo lililouzwa mwaka wa 1992 ujumbe huo ulikuwa umezimwa, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuwaingia wanunuzi. Mashindano ya namna hii hayaleti maendeleo, kwa sababu hakuna anayekimbia zaidi. Mmoja amemfunga mwenzake miguu tu.

Mwaka wa 1991 Digital Research iliuzwa kwa kampuni ya Novell. Bwana Kildall alipata fedha nyingi, kwa hiyo hakufa maskini. Lakini aliishi akiona sifa ya kazi yake ikipewa watu wengine, na jambo hilo lilimwuma. Alifariki tarehe 11 Julai, 1994, huko Monterey, baada ya kuumia kichwa siku tatu kabla. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Siku nne tu baada ya kifo chake, tarehe 15 Julai, Serikali ya Marekani ilipeleka mahakamani shauri juu ya ile mikataba ya Microsoft, pamoja na mapatano ambayo kampuni hiyo ilikubali kuiacha. Mlango ulifunguliwa, lakini aliyeugonga muda mrefu hakuwapo tena kuingia.

Baadhi ya wenzangu husema kwamba yote haya ni kelele, kwani hatimaye dunia ilipata mfumo mmoja na kazi ikaendelea. Wanasema mkubwa mmoja hurahisisha mambo: mwalimu afundishe kitu kimoja, fundi ajue kitu kimoja. Neno hilo lina ukweli, nami nimekwisha kulikubali nilipoeleza habari za CP/M. Lakini ukweli huo una mpaka, na tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka wa 2001 Microsoft walitoa toleo la sita la programu yao ya kusomea kurasa za intaneti, Internet Explorer, wakati karibu dunia nzima ilikuwa ikitumia programu hiyo. Toleo la saba lilikuja lini? Mwaka wa 2006, yaani miaka mitano baadaye, na baada ya programu nyingine iitwayo Firefox kutokea mwaka wa 2004 na kuanza kuchukua watumiaji. Mkubwa alilala mpaka alipoamshwa. Kumbuka kwamba Kildall mwenyewe, mtu mwema na mwalimu, alilala vivyo hivyo mwaka wa 1980. Kwa hiyo si suala la tabia ya mtu mmoja. Ni hali ya kukaa juu bila kuona mtu nyuma yako.

Kwa hiyo fikira yangu ni hii. Yafaa uwanja uwe mmoja, ili kazi ya huyu iweze kutumika kwa yule. Lakini lango la uwanja lisiwe na mfungaji. Sheria isimwadhibu mtu kwa kushinda, ila imzuie kuwafungia wengine mlango baada ya kushinda. Sisi wa kidato cha nne tutatoka hapa karibuni, na wako miongoni mwetu wenye nia ya kutunga programu. Watakaowakuta huko nje ni wakubwa kuliko wao mara elfu. Lango likiwa wazi, hata kijana wa shule yetu aweza kumfanya mkubwa wa dunia aamke mapema.

Tarehe 25 Aprili, 2014, bamba la kumbukumbu liliwekwa huko Pacific Grove, mahali Bwana Kildall alipofanyia kazi. Ni heshima iliyochelewa, lakini ni bora kuliko kusahauliwa. Nasi darasani tusimchukie anayetufuata kwa alama mbili. Huyo ndiye anayetufanya tufungue kitabu usiku.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne